Hapana ya Babu Maduhu

Runzewe, 9 Februari 2025

Limi mke mwenzangu,

Marahaba. Hii ya leo na ile ya barua iliyopita ambayo sikuijibu. Sisi wazima. Yule ng'ombe mwekundu kazaa, ndama anatembea kama mlevi. Mahindi yamekauka ncha, mvua ikirudi yatasimama, isiporudi tutakula michembe ya viazi vikavu kama mwaka ule. Anayeandika ni mama yako mdogo Vaileth. Nimemwambia aandike kila kinachotoka mdomoni mwangu, asinirembee, maana ana tabia ya kunirembea nikaonekana mtu mpole.

Basi kalisema tena. Lile neno lake. Na mbele ya katekista Damian, na mbele ya mashahidi wawili niliowapata kwa chai na maandazi. Damian kavuta kiti karibu na kitanda, kakohoa kama askofu, kamwuliza babu yako: "Mzee Maduhu, paroko akija kukufungisha ndoa hapa hapa kitandani, uko tayari kumpokea Mbuke awe mke wako?" Babu yako kamtazama. Kanitazama mimi. Halafu: "Hapana." Safi, kama redio. "Hapana, hapana, hapana."

Mara ya tatu hii tangu Krismasi! Damian kafunga kitabu chake. "Mama Wiliam, nimesikia kwa masikio yangu. Kanisa halimfungishi ndoa mtu anayekataa."

Nikamwambia, Damian, tangu kiharusi kimpige huyu mzee neno analo hilo moja tu. Mwambie uji, hapana. Mpe huo uji, anaumaliza wote, anarudisha kikombe, hapana. Mbwa akiingia ndani, hapana. Akicheka anacheka hapana. Sasa wewe umeona hapana ya kwangu ndiyo ya kweli, ya uji ni ya uongo? Damian kasema Kanisa linataka neno la mdomo, na neno la mdomo ndilo hilo. Mtu mwenyewe alifukuzwa seminari kwa kutokujua hesabu, leo ananifundisha mimi maneno. Mwisho kasema: "Basi leteni mtaalamu athibitishe kwamba ni ugonjwa. Si mna mtoto anayesomea mambo hayo?"

Hapo ndipo nikakukumbuka.

Limi, nikwambie ukweli. Nilipoambiwa unakwenda Kampala kuchukua shahada ya pili, na hiyo shahada ni ya kuongea, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtoto anaongea Kisukuma, Kiswahili, Kiingereza, kafundisha watoto viziwi Shinyanga mpaka wakamjua kwa jina, leo anakwenda kusomea kuongea! Kwani hukushiba ya kwanza? Wenzako wanasomea sindano, wanasomea sheria, mtu unaweza kumtaja mbele za watu. Mimi nikiulizwa mjukuu wako anasoma nini, nasema anasoma. Basi.

Sasa hiyo shahada ifanye kazi hata siku moja. Niandikie karatasi yenye muhuri, useme hapana ya Maduhu ni ugonjwa, si ya kwake.

Unajua ninapokaa kanisani. Benchi la nyuma, pamoja na wasichana waliozalia kwa baba zao. Tangu nitolewe Songwa nikaletwa huku na babu yako na ng'ombe zake, nakaa hapo. Mahari ililipwa, watoto nimezaa, wajukuu ndio nyie, lakini kwa Kanisa mimi ni kimada. Watu wakienda kupokea komunyo, mimi natazama visigino vyao. Visigino vya kigango kizima navijua. Vya Apolonia, huyo mwenyekiti wa jumuiya, vimepasuka kama lambo la kiangazi, lakini anapita, anakwenda, anarudi kafumba macho kama malaika. Na nikifa leo nitazikwa bila misa, na Apolonia atasimama juu ya kaburi langu akiimba kwa pua. Hilo sikubali gete, kabisa.

Usipige simu. Babu yako akisikia sauti yako kwenye simu analia siku nzima, na wa kumfuta ni mimi. Mpe karatasi konda wa basi la Kampala, wanashusha hapa Runzewe kwa mama muuza ndizi.

Ni mimi bibi yako, na mume wako anakusalimu, kasema hapana.

Mbuke


Kampala, 6 Machi 2025

Shikamoo bibi,

Barua imenifikia imechelewa, konda aliisahau chini ya kiti, ina alama ya kiatu. Poleni na jua. Mimi mzima. Huku mvua hainyamazi, na kozi ni ngumu: tumeanza watu wengi, sasa tumebaki wachache na kila mmoja anamwonea mwenzake huruma. Mwambie baba mdogo Wiliam koti limefika, ahsante.

Bibi, usicheke. Ugonjwa wa babu ndio hasa ninaosomea. Unaitwa afasia. Kiharusi kinapoharibu sehemu fulani ya ubongo, maneno yanabaki ndani lakini njia ya kutokea inakatika. Wapo wanaobakiwa na neno moja tu, na hilo hilo wanalitumia kwa njaa, kwa furaha, kwa hasira. Kwa hiyo inawezekana hapana yake si hapana.

Lakini bibi, inawezekana pia ni hapana. Mimi sijamwona tangu augue. Siwezi kuandika karatasi juu ya mgonjwa ambaye sijamwona, na hata nikimwona, mimi bado mwanafunzi, muhuri sina. Nikifanya hivyo nitafukuzwa, na itakuwa haki. Likizo yetu ni mwezi wa sita. Nitakuja nimpime taratibu.

Kwa sasa nisaidie: anaelewa anachoambiwa? Kuna kitu chochote kingine kinachomtoka mdomoni, wimbo, sala? Na jambo moja zaidi, nijibu kwa ukweli. Kabla hajaugua, uliwahi kumwomba mfunge ndoa? Alijibuje?

Mjukuu wako,
Limi


Runzewe, 30 Machi 2025

Limi,

Marahaba. Mvua imerudi, imerudi kwa hasira, imebomoa choo cha Wiliam. Mahindi yamesimama. Ndama wa yule mwekundu kafa, usinipe pole, alikuwa na macho ya ujinga tangu azaliwe. Apolonia kanunua kitenge kipya cha jumuiya na kasema mimi nisishone kwanza, nisubiri "mambo yangu yakae sawa". Nimekishona. Nimekivaa kuchotea maji.

Umesema muhuri huna. Sasa wewe una nini? Damian hajamaliza kidato cha nne anao muhuri wa kigango, fundi baiskeli hapa stendi anao muhuri, wewe mwenye shahada moja na nusu huna. Sawa.

Umeuliza anaelewa. Anaelewa! Nikificha ugoro anajua nimeficha wapi. Umeuliza wimbo na sala. Sikiliza maajabu. Jumapili waliporusha misa kwenye redio, babu yako kainuka kwenye mto, kasali Salamu Maria yote. Yote! Mpaka saa ya kufa kwetu, amina. Hakukosa neno. Nikadondosha sufuria. Nikamkimbilia, nikamwambia Maduhu, umepona! Sema, unataka chai? Kasema: "Hapana."

Na matusi. Unajua alichimba dhahabu Geita huko, miaka mingi, kashuka maduara, yale mashimo ya dhahabu, ambayo vijana wa siku hizi hawachungulii, karudi na kikohozi na matusi. Basi dhahabu hakuleta, kikohozi kimepona, matusi yamebaki yote, mazima, yanang'aa. Vaileth akimgeuza vibaya kitandani anayatoa mawili matatu, na matamshi hayana kasoro. Vaileth, andika, usione aibu, ni mkweo.

Sasa niambie wewe msomi wa midomo. Mungu anasaliwa vizuri. Vaileth anatukanwa vizuri. Kilichokufa ni kunijibu mimi tu. Hiyo kweli ni afasia? Kwetu Songwa tunaita kiburi. Huyu zee anajifanya. Mtu anayejifanya nampikia, namwosha, namkata kucha, na kila jioni namfuta mate.

Lile swali lako la mwisho halikuwa na adabu. Lakini najibu. Alipokuwa na mdomo mzima alisema "tutaona". Kila nilipomwuliza, tutaona. Hajawahi kusema hapana. Andika hivyo, Vaileth. Umeandika? Nisomee.

Njoo huo mwezi wa sita, uje umwone mume wako alivyopendeza.

Mbuke

(Limi mwanangu, hapa ni mimi Vaileth. Si kweli. Alisema hapana, nikiwepo, mwaka ule paroko aliyepita alipofungisha ndoa za wazee. Mama alikuwa ameshashona gauni. Nimemsomea barua bila kipande hiki.)


Kampala, 11 Julai 2025

Shikamoo bibi,

Nilifika salama. Mpakani Mutukula walitukalisha, lakini tulivuka. Ahsante kwa michembe na nsansa ya majani makavu ya kunde, wenzangu wa bwenini wameipenda nsansa mpaka nimebakiwa na harufu tu. Mitihani imeanza. Msimamizi wangu amepokea kazi niliyoifanya na babu na anaiangalia. Mguu wa babu una nguvu kuliko nilivyotegemea, endeleeni kumwinua asubuhi na kumtembeza mpaka zizini, mumshike upande wa kulia. Msimlaze mchana kutwa.

Mwambie mama mdogo Vaileth uzi aliouagiza nitautuma.

Nawapenda wote.

Limi


Runzewe, 20 Julai 2025

Limi,

Marahaba, kama umeamkia kwa moyo.

Barua yako nimesomewa, nikasema rudia, nikasomewa tena. Nilikuwa natafuta mnofu. Mchuzi mtupu! Mpaka wa Mutukula nauliza mimi? Nsansa nauliza mimi?

Umekuja hapa na begi la picha. Jogoo, kikombe, sufuria, kiatu. Mtu aliyeoa, aliyezika wazazi wake, unamwekea picha ya jogoo unamwuliza jogoo yuko wapi. Nilisimama mlangoni nikasema hii ndiyo shahada ya pili? Chekechea ya hapa Runzewe wanafanya hivyo bila kwenda Kampala. Lakini nikasema acha mtoto afanye kazi yake, labda jogoo ndiye mlango.

Siku ya mwisho ukaniambia, bibi, nenda dukani ukanunue sabuni. Sabuni ilikuwepo! Nikaenda kama mbuzi. Narudi, nakukuta umekaa ukingoni mwa kitanda unafuta macho, picha moja iko sakafuni, babu yako kageukia ukutani. Nikauliza kuna nini. Ukasema vumbi. Vumbi limeingia macho yote mawili kwa pamoja, halafu limekupandisha basi kesho yake badala ya Jumatatu kama ulivyopanga.

Mimi sikusoma. Hata jina langu Vaileth ndiye aliyenionyesha linavyokaa, na nimelisahau. Lakini uso wa mtu aliyeficha jambo nausoma hata gizani. Damian kila Jumapili ananiuliza, "Mama, mtaalamu kasemaje?" na sauti yake ina sukari. Apolonia hata haulizi, anatabasamu tu. Nimewaambia mtaalamu anapima bado. Mpaka lini utapima? Hata ndama anapimwa mara moja mnadani.

Wewe ni mwoga kama ukoo wa babu yako wote. Sema ulichokiona. Usiponijibu, usinitumie uzi wala salamu.

Mbuke


Kampala, 25 Agosti 2025

Shikamoo bibi,

Umenikasirikia kwa haki. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Leo naiandika mpaka mwisho.

Babu anaelewa. Sala na matusi humtoka yenyewe kwa mazoea, jibu la kutafuta ndilo linalokwama. Nilimchorea kadi mbili, kiganja kilichofunguliwa ni ndiyo, ngumi ni siyo, nikamwambia asitumie mdomo, aguse. Nikamwuliza mambo yanayojulikana. Wewe ni Maduhu? Akagusa kiganja. Ng'ombe anapanda juu ya paa? Ngumi. Wewe ni mwanamke? Alinitukana, kisha akagusa ngumi. Mdomo ulikuwa unasema hapana kwa kila kitu, lakini mkono ulikuwa unajibu sawa. Ndipo nikajua mkono wake naweza kuuamini.

Halafu nikamwonyesha picha niliyoichora mwenyewe. Padri amesimama, babu amelala kitandani, wewe umepiga magoti. Nikamwuliza, babu, unataka hivi? Akagusa ngumi. Kesho yake nikarudia. Ngumi. Siku ile niliyokutuma sabuni nikauliza mara ya mwisho, akainyakua picha akaitupa.

Kwa hiyo nilijua hapana ile haikuwa ugonjwa. Ilikuwa ya kwake. Nikashindwa kukwambia, nikapanda basi.

Sasa sikiliza na haya. Msimamizi wangu alitazama yote niliyomrekodi babu kwa video. Ni mama wa Kiganda, mkali, hasifii mtu. Akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini umemlaza?" Nikasema kwa sababu Damian alisema ndoa itafungwa kitandani. Akauliza: "Kwenu nani hufungishwa ndoa kitandani?"

Bibi, nikamkumbuka mzee Ndaki jirani. Padri aliitwa asubuhi, akafungishwa ndoa akiwa amelala, akapakwa mafuta, na wiki haikuisha tukamzika. Babu alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Na kabla ya mzee Ndaki kulikuwa na yule bibi wa kisimani, vile vile.

Mimi sikumwuliza habari zako. Damian naye hakumwuliza habari zako. Sote tulimwuliza habari za kitanda.

Naweza kuwa nimekosea tena, nimeshakosea mara moja. Lakini kadi nimeziacha kwa mama mdogo. Muulizeni akiwa amekaa, nje, amevaa viatu. Na akigusa ngumi tena, bibi, itabidi tumwache.

Limi


Runzewe, 18 Oktoba 2025

Limi mke mwenzangu,

Marahaba. Leo sina habari za mahindi. Niko kwenye benchi nje ya kanisa, Vaileth kaweka daftari juu ya mkoba wangu anaandika, na babu yako yuko kulia kwangu kavaa koti la Wiliam, anatazama kuku wa kigango. Tuko jozi kumi na moja za wazee wa kufungishwa ndoa leo, tumepangwa kama madumu kisimani. Damian anaita kwa majina. Wale wa kwanza wameingia. Foleni ni ndefu, nimesema kuliko kukaa kimya ngoja nikujibu, maana umengoja.

Barua yako iliposomwa nilicheka kwa dharau. Mwoga! Mtu aliyeshuka maduara Geita na kamba ya katani kiunoni, anaogopa kitanda! Nilimwendea pale pale, nikamwambia, Maduhu, kumbe unaogopa kufa wewe? Kwani nani kakwambia utadumu? Kanitukana tusi refu, lile la Geita lenye vipande viwili. Nikajua umepatia.

Lakini sikumwuliza. Niseme nini, nilikuwa nimechukia. Kwa wiki nzima, zaidi, nikamlisha bila kumsemesha. Na yeye akaona raha!

Halafu asubuhi moja Wiliam kamtoa mpaka zizini, kamkalisha kwenye kigoda, kamvalisha viatu. Nilikuwa nakamua. Vaileth akaja na kadi zako, akaziweka kwenye paja lake, akasema, mama, uliza sasa. Sikunyanyuka. Nikauliza nikiwa chini ya ng'ombe, kwa Kisukuma, bila Damian, bila kikohozi. Nikamwambia, kanisani, umesimama kwa miguu yako, mbele ya watu wazima na Apolonia akiona. Utakwenda na mimi au huendi?

Vaileth ndiye alikuwa anatazama mkono, mimi natazama chuchu za ng'ombe. Nikasema nini? Kasema, mama, kagusa kiganja. Nikasema muulize tena, mkono wa mgonjwa unateleza. Kagusa tena. Kakipiga kile kiganja mpaka kadi ikaanguka kwenye mavi. Na mdomo unasema hapana, hapana, hapana!

Damian tulipomwita akasema mkono sio mdomo. Nikasema haya, twende kwa paroko. Tukampakia babu yako kwenye bajaji ya mtoto wa mama ndizi. Paroko huyu mpya kijana, ana ndevu chache, nilimdharau nilipomwona. Kamtazama babu yako alivyogusa, kamgeukia Damian: "Katekista, bubu hawafungi ndoa?" Damian katazama viatu vyake. "Wanafunga, baba." "Kwa ishara?" "Kwa ishara." "Sasa huyu mama amezungushwa mwaka mzima kwa nini?" Damian hakuwa na hapana wala ndiyo. Paroko nilimfurahia, Limi, hata ubavu uliniuma.

Sasa nikwambie lililonipata, na usiliandike kwenye vitabu vyenu huko.

Jumatano tulikuja mazoezi. Paroko kamwuliza babu yako, kainua mkono juu, vizuri. Halafu kageuka kwangu. "Nawe Mbuke, unakubali kumpokea Maduhu?" Mdomo huu unaoujua, mdomo huu ambao Wiliam anasema ukiunganishwa na mashine utasaga mahindi ya wilaya. Ulifunga. Nikatafuta neno sikuliona. Jozi zote zimenitazama. Apolonia kaja kutazama tu, hana hata mtu wa kufungisha, kafungua macho kama fenesi lililopasuliwa.

Si ugonjwa. Nimekwambia usiandike.

Limi, mimi miaka yote ndiye nilikuwa nauliza. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Songwa baba yangu alitazama ng'ombe, akasema wanatosha, nikafungiwa kanga zangu. Mimi nilikuwa jikoni. Hakuna mtu aliyefika jikoni kuuliza. Sasa paroko mwenye ndevu tatu ndiye wa kwanza kuniuliza, na mimi jibu silijui lilipo.

Nikamtazama babu yako. Mate yanamtoka upande ule. Koti halijafungwa. Na nikaona namdharau, gete namdharau, kwa ile hapana ya zamani, ya mdomo mzima. Ndiyo, aliisema. Ulipouliza mwezi wa tatu nilikudanganya, na Vaileth nadhani alishakwambia, maana siku ile aliikunja barua haraka. Alisema hapana na gauni langu liko kwenye kamba limepigwa pasi. Kasema ndoa ya kanisani ni ya watu wanaojiandaa kufa. Wakati ule alikuwa na nguvu za kubeba gunia! Gauni nililigawa. Na tangu siku ile nilipika chakula kizuri kwa dharau, ndiyo maana kilikuwa kizuri.

Paroko kasema, "Mama, kafikiri. Jumamosi utajibu." Nimefikiri. Nimefikiri nikimwosha, nimefikiri nikimkata kucha. Vaileth ananiuliza nimefikiri nini, nimemwambia wewe andika, kuuliza kaachie Kanisa.

Jozi ya saba wametoka, bibi harusi ana meno mawili na ameyatoa yote nje. Ya nane wanaingia. Babu yako kachoka kutazama kuku, sasa ananitazama mimi. Nini? Unataka maji? Hapana, kasema. Kanywa. Funga koti, Vaileth, mfunge koti, asiingie kama mchunga mbuzi. Sio wewe, acha kalamu ifanye kazi, nafunga mwenyewe. Inua kidevu, wewe zee. Inua. Mtu ukimvalisha anakaza shingo kama ndama, miaka yote hii hajajifunza kuvalishwa.

Limi, hiyo shahada yako malizia. Sisemi ni nzuri. Nasema usiiachie njiani, watu watacheka. Na ukija Krismasi lete

Wanaita.

"Maduhu na Mbuke!"

Vaileth, umesikia? Kaitika! Kaitika kabla yangu! "Hapana!" na mkono kaunyoosha juu mpaka koti limepanda, watu wote wanacheka, mpaka ndani ya kanisa, hata yule padri. Katulia, kakaa hivyo hivyo, mkono juu, ananingoja. Haya, weka daftari. Wewe shika upande wa kulia, ule mbovu, mimi nashika huu. Mwambie Damian apunguze sauti, hapa hakuna kiziwi. Tunakuja.